Fomu Kwanza, Bahari Baadaye

Ukimwambia mtu wa Mbagala kwamba Jumamosi unakwenda kuzamia, swali la kwanza atakalokuuliza ni harusi ya nani. Huku kwetu mzamiaji ni yule anayeingia ukumbini bila kutoa mchango, akakaa meza ya wajomba na kula pilau mara mbili. Kwa watu wazima kidogo, mzamiaji ni kijana wa bandarini aliyejificha ndani ya meli akitegemea kuamkia Ulaya. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia, wiki moja kabla hatujatimiza miaka mitatu ya ndoa, "Mke wangu, mwaka huu nakupeleka kuzamia", nilicheka sana. Nikamwuliza kama mchango umemshinda.

Kumbe alikuwa na maana ya kuzamia kwenyewe. Mtungi wa hewa mgongoni, miwani usoni, mapezi miguuni, chini kwa samaki. Mwenzake wa ofisini alikwenda Mafia akarudi na picha, basi huyu bwana akaanza kuweka akiba kimya kimya tangu Agosti. Alinionyesha na pesa kwenye simu. Nilimkumbatia, nikasema ndiyo, halafu nikakaa kimya kidogo. Yeye alidhani ni furaha. Nitawaambia ilikuwa nini.

Watu wengi wa Dar tunaishi na bahari kama jirani tusiyemsalimia. Mtu anazaliwa Temeke, anasoma Temeke, anaolewa Temeke, na bahari anaiona siku ya Idi, Coco Beach, akiwa ameshika mahindi ya kuchoma. Mimi ni mmoja wao. Kuogelea nilijifunzia ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, nikilipia kwa saa. Kwa hiyo msidhani nawaandikia kama mtaalamu.

Tulianzia Kigamboni kwa sababu ni karibu na kwetu. Zamani Kigamboni ilikuwa ndani ya Temeke, sasa ni wilaya inayojitegemea, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, mtu wa Mbagala hana haja ya kwenda kupanga foleni ya pantoni. Unashika Kilwa Road, unakunja Kurasini, unalipia darajani, umevuka. Ki-IST chetu kilikuwa kimeoshwa kama kinakwenda kuposa. Tulikwenda sehemu moja ufukweni, jina silitaji, ambayo mume wangu aliambiwa na rafiki kwamba bei yake haiumizi.

Na kweli haikuumiza. Kijana aliyetupokea alikuwa mchangamfu, bukta na miwani ya jua, mtu wa stori. Alituuliza swali moja tu.

"Mnajua kuogelea?"

"Kidogo," nikasema.

"Inatosha, dada. Chini kule mtungi ndio unaokubeba."

Basi. Hakuna karatasi, hakuna jina. Boti ilikuwa inatuchukua watu wanane na nilihesabu majaketi ya kuokolea mawili, moja limekatika mkanda. Mimi nilikuwa tayari kupanda, maana nilikuwa nimeshapiga picha tatu za kuweka mtandaoni. Mume wangu ndiye aliyesimama. Yeye ni fundi wa viyoyozi, na fundi akiona kompresa lazima aizunguke. Ile ya kujazia mitungi ilikuwa inaendeshwa kwa injini ya petroli nyuma ya kibanda, na bomba la moshi lilikuwa limeelekea palepale kompresa inapovutia hewa yake. Akamwita yule kijana.

"Kaka, hii inavuta moshi wake yenyewe."

"Hewa ni hewa tu, bosi," akajibiwa. "Tunajaza kila siku."

Tukarudi kwenye gari. Pesa ya kianzio haikurudi, na njia nzima nilikuwa nimenuna. Nilimwambia anajifanya mkaguzi siku ya raha. Yeye akaendesha mpaka darajani ndipo akanieleza, taratibu kama anavyowaeleza wateja wake. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi. Ni gesi isiyo na harufu wala rangi, na ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Chini ya maji ni mbaya zaidi, kwa sababu ukishuka mita 10 tu mgandamizo unakuwa mara mbili ya huku juu, ukifika mita 20 ni mara tatu, kwa hiyo kila pumzi unaingiza sumu mara mbili au tatu. Huku juu ingekupa kichwa kuuma. Kule inaweza kukulaza usingizi ukiwa na maji juu ya kichwa.

Nikanyamaza. Ila kununa niliendelea nako mpaka Mtongani, kwa heshima ya ndoa.

Wiki ile yote mume wangu alikuwa anasoma. Nyumbani tukila ugali ananihutubia kuhusu mitungi. Katika yote, lililonishangaza ni kwamba kwa huku Bara kituo cha kuzamia hakisimamiwi na ofisi moja. Boti ni ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuchukua kazi ya usalama wa vyombo vya majini iliyokuwa ya SUMATRA. Wao ndio wanaotaka cheti cha ukaguzi wa chombo, idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba na jaketi kwa kila kichwa. Biashara yenyewe ya kupokea wageni inahitaji leseni ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ile ambayo wenyewe wamezoea kuiita TALA. Wafanyakazi, kompresa na vyombo vingine vya mgandamizo ni mambo ya OSHA, chini ya sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003. Na kama maji mnayozamia ni ya hifadhi, basi kuna Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kilichotokana na sheria ya mwaka 1994. Hawa unawalipa kiingilio na kuchukua risiti, na huruhusiwi kuondoka hata na kombe moja.

Juu ya hapo kuna kanuni ambazo si za serikali yoyote. Mashirika ya kimataifa ya mafunzo, kama PADI na SSI, ndiyo yanayotoa kadi za wazamiaji na walimu. Mwenye kadi ya kwanza kabisa anaishia mita 18. Asiye na kadi, anayeonjeshwa tu kama sisi, haruhusiwi kupita mita 12, na lazima awe na mwalimu pembeni yake muda wote. Mzamiaji wa starehe, hata awe mzoefu vipi, mwisho wake ni mita 40. Mwalimu ana namba yake, na unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya shirika lake ukiwa umekaa kitandani kwako. Mume wangu aliihakiki.

Kituo cha pili kilikuwa upande wa Kinondoni, maeneo ya Kunduchi. Kwa mtu wa Mbagala hiyo ni safari ya kubeba chakula. Tulitoka alfajiri, tukapita Mwenge kabla foleni haijaamka, Mbezi Beach, Tangi Bovu, mpaka tukaanza kusikia harufu ya samaki wa soko la Kunduchi. Ilikuwa Februari, kaskazi imetulia, bahari kama chai ndani ya sahani. Mbele yako kisiwa cha Mbudya kinaonekana karibu kiasi kwamba unaweza kudanganyika kwamba utaogelea. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vyote ni hifadhi tangu mwaka 1975. Kwa hiyo wakati bibi zetu wanakata nguo kwa ajili ya Saba Saba, yale matumbawe yalikuwa tayari yana sheria.

Vyeti vilikuwa ukutani, na tarehe zake hazijapita. Mitungi imepangwa, kila mmoja una chapa ya tarehe uliyopimwa shingoni. Kompresa ilikuwa na bomba refu la kuvuta hewa lililopandishwa juu ya paa, mbali na moshi. Mume wangu akalitazama bomba lile nikajisikia wivu.

Mwalimu alikuwa dada wa Tanga, mwembamba, sauti ya ukali kidogo kama matroni wa bweni. Akatupa kila mmoja fomu na kalamu.

"Someni yote. Msijibu kwa haraka."

Fomu ile inaulizia afya yako. Ndiyo inayotumiwa na mashirika makubwa tangu 2020. Ukijibu hapana kote, unasaini. Ukijibu ndiyo kwenye baadhi ya maswali, daktari ndiye anayeamua, si wewe wala mwalimu. Inauliza moyo, masikio, kifafa, kisukari, upasuaji, dawa unazotumia. Kina dada, na mimba ipo, hata ile ambayo bado ni wasiwasi tu, kwa hiyo kama kuna la kumwambia baba watoto mwambieni nyumbani. Nimeona wenyewe dada mmoja ameganda pale kalamu ikiwa hewani na mchumba wake anachungulia.

Mimi swali langu lilikuwa la pumu.

Nimekuwa na pumu tangu darasa la tatu. Shuleni nilikuwa naitwa "filimbi". Nilipokutana na mume wangu nilimwambia nilikuwa nasumbuliwa na kifua utotoni, nikaishia hapo, kwa wakati uliopita, kama vile kifua kimehamia mkoa mwingine. Kumbe inhela ya bluu iko kwenye pochi, chini, nyuma ya kioo. Naitumia bafuni, maji yakiwa yanatiririka. Vumbi la Rangi Tatu likiwa baya naitumia mara mbili kwa siku. Sikutaka mwanaume anione kama mzigo. Na sasa huyu mtu amenibania pesa tangu Agosti, nimwambie nini? Ndiyo maana nilinyamaza siku ile aliponionyesha akiba.

Nikaweka alama kwenye hapana.

Mume wangu alikuwa ameshamaliza ya kwake. Akaangalia karatasi yangu, akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Na ile ya bluu kwenye pochi?"

Alikuwa anajua. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, anajua. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

Dada wa Tanga hakujifanya hajasikia. Alivuta kiti akakaa, akachukua kalamu yangu, akakata ile alama, akanipa nirekebishe na nisaini pembeni. Halafu akanieleza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunieleza. Chukua puto, lishushe mita 10, lijaze huko chini hewa ya mtungi, kisha lifunge na ulipandishe juu. Likifika juu hewa ile itataka nafasi mara mbili. Mapafu yako ni puto hilo. Kanuni ya kwanza ya kuzamia ni usizuie pumzi kamwe, na kanuni ya pili ni panda polepole, kwa sababu hewa lazima iendelee kutoka. Mwenye pumu anaweza kuwa anatoa pumzi vizuri kabisa na bado vijia vidogo ndani ya kifua vimebana, vimefungia hewa ambayo yeye haijui. Akipanda, ile hewa inatanuka ndani ya chumba kisicho na mlango. Na hewa ya mtungi ni kavu na ya baridi, yenyewe inaweza kukiamsha kifua ukiwa huko huko chini.

"Zamani mwenye pumu alikuwa anakataliwa moja kwa moja," akasema. "Siku hizi daktari anampima, wapo wanaoruhusiwa. Lakini wewe leo huingii, dada yangu. Hata ungenilipa mara tatu."

Mume wangu naye alikataa kushuka peke yake. Walitupa tarehe nyingine bila kutukata chochote. Tukaenda kukaa kivulini, chini ya mkungu, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Niliyatoa yote ya kujitetea, kwamba yeye naye alijua akanyamaza, kwamba amenipekua pochi. Hakubisha. Aliniambia neno moja tu.

"Ungekufa mbele yangu na mimi ningemwambia daktari kwamba ulikuwa mzima."

Sikuwa na jibu. Tulirudi Mbagala kwa foleni ya saa mbili na nusu, tukisikiliza redio ya taarabu. Palestina, Mandela, Tazara, hakuna anayeongea. Usiku ule inhela niliitumia sebuleni.

Daktari wa kifua alinipuliza kwenye mashine, akanikimbiza ngazi, akanipuliza tena. Matokeo hayakuwa mazuri. Pumu yangu ilikuwa haijadhibitiwa, hasa kwa vile nilikuwa naificha na kutumia ya bluu peke yake, ile ya kutuliza, bila dawa ya kukinga ya kila siku. Nimeianza sasa. Kuhusu kuzamia na mtungi alisema hapana, na kwamba tutazungumza tena kifua kikishakaa sawa kwa muda mrefu. Yule dada wa Tanga angenipeleka siku ile, ningeshuka na kifua kile.

Tulirudi Kunduchi mwezi Machi. Yeye kushuka, mimi kuogelea juu juu na miwani na ule mrija, ambao daktari aliukubali ilimradi inhela iwe botini na mtu ajue ilipo. Nahodha alikuwa mzee mwenyeji wa palepale. Nilimwamkia, nikamkabidhi inhela yangu mkononi mbele ya watu wote. Akaitia kwenye sanduku pamoja na mtungi wa oksijeni ya dharura, akafunga, akasema, "Marahaba, mwanangu, iko hapa."

Kabla ya kuondoka tulipewa maelezo ya dakika kama kumi na tano. Oksijeni iko wapi, redio iko wapi, mtu akiumwa tunarudi wapi, na chemba ya mgandamizo inayofanya kazi sasa hivi iko mji gani na nani anapigiwa. Hilo la chemba liulizeni kila mnapokwenda, na likijibiwa kwa kicheko rudini nyumbani. Walituambia pia kuhusu ndege, na hili ni kwa wale wenzetu wa fungate la Unguja wanaozamia asubuhi na kupanda ndege jioni. Ushauri wa wataalamu ni kusubiri si chini ya saa 12 baada ya kuzamia mara moja, saa 18 kama ni mara kadhaa. Naitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka, na angani mgandamizo unapungua, inaanza kutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Tena walitaja kishindo. Bahari yetu ilipigwa baruti na wavuvi haramu kwa miaka mingi mpaka msako mkubwa wa serikali ulipopunguza hali hiyo katikati ya miaka ya 2010. Chini ya maji sauti inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, kwa hiyo huwezi kujua imetoka upande gani. Mkisikia, mnashikana, mnapanda pamoja.

Halafu mzee akatoa daftari, akaandika majina yetu kwa kalamu. Watu kumi na mmoja. Akasema akiita jina anataka kusikia sauti ya mwenyewe. "Mke hamjibii mume. Mume hamjibii mke."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesoma kisa cha Tom na Eileen Lonergan, mume na mke wa Kimarekani walioachwa baharini kule Australia, Januari 25, 1998. Walizamia na boti ya watalii kwenye matumbawe makubwa ya huko, watu wakahesabiwa vibaya, boti ikaondoka. Ilichukua siku mbili kugundua kwamba hawapo, mpaka mtu alipokuta mkoba wao botini. Hawakuonekana tena. Baada ya pale jimbo la Queensland lilikaza kanuni za kuhesabu watu kwenye boti za wazamiaji. Kosa lilikuwa ni hesabu tu.

Mume wangu aliingia majini kinyumenyume, mkono mmoja kwenye miwani, kama alivyofundishwa. Mapovu yakaja juu. Mimi niliogelea karibu na boti na kuangalia chini, nikawaona samaki wa manjano na mweusi wamepangana kama sare za shule, na tumbawe lenye umbo la ubongo, na mbali kidogo kivuli cha watu wawili na mapovu yao. Maji ni safi, ila si ya kwenye kalenda. Kuna chupa moja ya plastiki niliiona imekaa vizuri kabisa kwenye mchanga, kama imewekwa. Baadaye tulikula samaki Mbudya, chini ya mbuyu, kwa mikono.

Lakini kabla ya samaki kulikuwa na daftari. Walipanda mmoja mmoja, baada ya kusimama mita 5 kwa dakika tatu kama kanuni inavyotaka, na dakika hizo tatu nilizihesabu mimi juu huku nimeshika ngazi. Mzee hakuwasha injini. Alivaa miwani yake ya kusomea, akalamba kidole, akafungua ukurasa. Akaita la kwanza, likaitika. La pili, likaitika. Alipofika jina la mume wangu, kulikuwa na ukimya, kwa sababu alikuwa ameinama anavua mapezi na maji yamemjaa masikioni. Mdomo wangu ukafunguka. Mzee akanyanyua kidole kunizuia, akaita tena.

"Nipo," akasema mume wangu.

Mzee akaweka alama, akaita jina langu.